Saba kwa Mmoja? Juu ya Hesabu ya Kumpata Mwenzi wa Ndoa



Kuna hesabu moja inayotembea katika miji yetu bila hati wala mwalimu. Husemwa kwenye mikesha ya harusi, sokoni, ndani ya magari ya usafiri, na hata kwenye mabenchi ya kanisa baada ya misa: «Siku hizi wanawake ni saba kwa mwanaume mmoja.» Anayeisema haonyeshi aliitoa wapi, na anayeisikia haulizi. Lakini hesabu hii inafanya kazi kubwa. Binti mwenye miaka thelathini huambiwa kwa hesabu hiyo amkubali yeyote anayekuja, hata mlevi, hata mwenye mke mwingine, kwa kuwa wenzake sita wamesimama nyuma yake wakingoja. Kijana wa kiume naye huambiwa kwa hesabu hiyohiyo kwamba hana haja ya kuharakisha wala ya kumheshimu aliye naye, kwa maana wengine sita wapo. Hivyo tarakimu moja isiyo na shahidi inawavunja moyo wengine na kuwapa wengine kiburi.

Sisi tunaowaandaa wachumba kwa ndoa, na tuliokwisha kusimama miaka mingi mbele ya ubao wa shule, tunaona ni haki kuipeleka hesabu hiyo ubaoni. Kisha tutazame hesabu nyingine, zilizofanywa na wataalamu wa kweli, juu ya swali hilohilo: je, mtu ana uwezekano gani wa kumpata mwenzi? Hesabu ikifanywa vizuri ni rafiki wa wanaotafuta. Ikifanywa vibaya, au ikiulizwa jambo isiloweza kulijibu, inawaonea.

Tuanze na ile ya saba kwa mmoja. Kama ingekuwa kweli, darasa la watoto 56 lingekuwa na wasichana 49 na wavulana 7. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi afungue daftari lake la majina aone. Mkunga naye, katika kila watoto wanane anaowapokea, angempokea mvulana mmoja tu. Mambo hayako hivyo. Duniani kote, kwa kila wasichana 100 wanaozaliwa, huzaliwa wavulana 105 hivi. Wavulana hufariki kwa wingi kidogo zaidi, na kufikia umri wa kuoana idadi za pande mbili hukaribiana sana. Ni kweli kwamba vita na safari za kutafuta riziki zinaweza kuipunguza idadi ya wanaume mahali fulani, lakini hakuna mji wetu unaoonekana kuwa na mwanaume mmoja kwa wanawake saba. Tena, nchi yetu ilihesabu watu wake kwa sensa kamili mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo, kila anayetaja hesabu ya watu wa mji au wa jimbo anakadiria. Wataalamu wanakadiria kwa mbinu, lakini mtangazaji wa «saba kwa mmoja» hana mbinu yoyote.

Kwa nini basi uongo huo unaonekana kama kweli? Ni kwa sababu kila mtu huhesabu kutoka pale aliposimama. Binti wa kwaya anayetoka kazini, akaenda kwenye mazoezi ya nyimbo, akapita kwenye kikundi cha sala, kisha akarudi nyumbani, anakutana siku nzima na wanawake wengi na wanaume wachache. Macho yake hayamdanganyi, ila hayaoni mji mzima. Nduguye aliyekwenda kuchimba kwenye machimbo ya dhahabu au ya koltani anaona kinyume chake, kwa maana pale wanaume wamejaa na wanawake wasioolewa ni wachache. Tungewauliza wote wawili jioni moja, mmoja angesema wanaume wamekwisha, na mwingine angesema wanawake wamekwisha. Wote wawili wangekuwa wamehesabu vizuri mahali pabaya. Tulishike somo hili la kwanza, kwani tutalirudia: uwezekano wa kumpata mtu hautegemei tu wangapi wapo duniani, bali pia wangapi wanapita njia moja na wewe.

Sasa tutoke kwenye hesabu ya mitaani, tuende kwenye ile ya wasomi. Mwaka 2010, Peter Backus, mwalimu kijana wa elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Warwick huko Uingereza, aliandika makala fupi yenye mzaha, akieleza kwa nini hana mchumba. Aliazima kanuni ya mtaalamu wa nyota wa Marekani, Frank Drake. Mwaka 1961 Drake alikuwa anaandaa mkutano mdogo huko Green Bank juu ya swali zito: je, katika kundi letu la nyota kuna viumbe wengine wenye akili ambao tungeweza kuwasiliana nao? Kwa kuwa hakuna aliyeweza kujibu kwa mkupuo, alilikata swali vipandevipande. Nyota ngapi huzaliwa kila mwaka? Ngapi kati yake zina sayari? Sayari ngapi zinafaa kwa uhai? Akaendelea hivyo mpaka mwisho, kisha akazidisha vipande vyote pamoja.

Backus alifanya vivyo hivyo kwa ajili ya mchumba. Alianza na watu wote wa Uingereza, 60,975,000. Akachukua wanawake, 51 kwa mia. Kati yao akachukua wanaoishi London, 13 kwa mia. Kati ya hao, wenye umri uliomfaa, 20 kwa mia. Kati ya hao, waliosoma chuo kikuu, 26 kwa mia. Na kati ya hao, wale ambao yeye angewaona wazuri, 5 kwa mia tu. Wakabaki wanawake kama 10,510. Si haba. Lakini akaongeza masharti matatu: mwanamke huyo naye amwone yeye kuwa anapendeza, mmoja kati ya ishirini, awe hana mtu, mmoja kati ya wawili, na wapatane kwa tabia, mmoja kati ya kumi. Akazidisha tena. Kati ya mamilioni ya watu wa London walibaki wanawake 26. Uwezekano wa kukutana na mmoja wao akitoka jioni moja ukawa kama mmoja kwa 285,000.

Makala hiyo ilienea mbali, na wengi walicheka. Lakini wapo pia waliosoma wakanyamaza, kwa kuwa walijiona ndani yake. Sisi tunasema: kabla ya kucheka au kukata tamaa, tuikague hesabu jinsi mwalimu anavyokagua daftari la mwanafunzi. Kuzidisha ni sahihi, kila mtu anaweza kurudia. Tukague sasa vile vipande vyenyewe.

Kati ya vipande hivyo, vingine vinatoka nje ya mtu. Idadi ya watu wa nchi, sehemu ya wanawake, sehemu ya wanaoishi mji mkuu: hayo ni mambo yaliyohesabiwa, wala Backus hawezi kuyabadilisha. Lakini vingine vinatoka ndani yake mwenyewe. Nani alisema kwamba katika wanawake 20 ni mmoja tu anayependeza? Nani alipima kwamba katika watu kumi tunaweza kupatana na mmoja tu? Hakuna sensa ya jambo hilo. Ni makadirio ya moyo yaliyovaa nguo za tarakimu. Na hapo ndipo hesabu inapoonyesha siri yake. Tumwache Backus palepale London, na umri uleule, na elimu ileile, ila tuseme anawaona wazuri wanne kati ya ishirini badala ya mmoja. Wale 26 wanakuwa 105. Tuseme na wao wanamwona yeye hivyo hivyo, wanne kati ya ishirini. Wanakuwa 420. Tuseme sasa anaweza kupatana na wawili katika kumi badala ya mmoja. Wanakuwa kama 840. Hatukuongeza hata mtu mmoja katika mji ule. Tulilegeza masharti matatu tu, na idadi ikaongezeka mara 32.

Kwa hiyo ile tarakimu ndogo ya mwisho haikupima ukavu wa London pekee. Ilipima pia ukali wa orodha. Hesabu ya namna hii ni kioo: anayejiangalia ndani yake anaona masharti yake mwenyewe yakiwa yamezidishwa. Wahenga walijua jambo hili bila karatasi waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima.

Kuna kasoro nyingine, nayo ni ya kitaalamu zaidi, lakini mwanafunzi wa sekondari ataielewa. Tunapozidisha sehemu kwa sehemu moja kwa moja, tunadai kwamba masharti hayajuani, yaani moja halivuti lingine. Tutoe mfano wa ubaoni, kwa tarakimu tulizozibuni kwa ajili ya mafundisho tu. Binti mmoja ana vijana wanaume 200 wasiooa, wa umri unaomfaa, katika eneo lake. Anataka aliyemaliza chuo kikuu, na tuseme ni mmoja kati ya watano: wanabaki 40. Anataka mwenye kazi ya mshahara, na tuseme katika vijana wote ni mmoja kati ya watano: akizidisha, wanabaki 8. Lakini waliomaliza chuo hupata kazi ya mshahara kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Ikiwa kati ya hao 40 nusu wana kazi, basi waliobaki ni 20, wala si 8. Masharti mawili yaliyokuwa yameshikana mikono yamehesabiwa kana kwamba hayafahamiani, na watu 12 wamefutwa kwa kalamu. Yapo pia masharti yanayosukumana. Anayedai kijana mwenye nyumba yake, biashara iliyokwisha simama na uzoefu wa maisha, kisha akadai awe na miaka isiyozidi 25, huyo atapata wachache kuliko kuzidisha kunavyomwonyesha. Ndiyo sababu mwenye kufanya hesabu hii inampasa aulize kila mara: je, masharti yangu yanavutana, au yanafukuzana?

Hapa kwetu, tena, orodha haiandikwi na mkono mmoja. Backus aliandika masharti yake peke yake mezani. Kijana wa kwetu anapotaja jina la mchumba, baba anaongeza sharti, mjomba anaongeza lake, shangazi anaongeza lake. Awe wa kabila letu. Asiwe wa ukoo fulani. Atoke upande huu wa ziwa. Halafu inakuja orodha ya mahari, yenye dola, ng'ombe au mbuzi, vitenge, suti ya baba, na vinywaji. Tuwe wakweli: mahari ni neno la heshima kati ya familia mbili, na hatuandiki hapa ili kuitupa. Lakini kila sharti la wazazi ni sehemu nyingine inayozidishwa. Tukirudi kwenye mfano wetu, wale vijana 20 wakikatwa kwa sharti la kabila, na tuseme ni mmoja kati ya wanne, wanabaki 5. Wakikatwa tena kwa mahari ambayo ni mmoja kati ya watano anayeiweza, anabaki 1. Huyo mmoja naye hajaulizwa bado kama anamtaka binti, wala binti hajaulizwa kama anampenda. Kisha wazazi walewale husema kwa huzuni kwamba binti yao hana bahati. Bahati haikuingia katika hesabu hii hata kidogo. Binti alikuwa na vijana 20 wa kuwafikiria, na sisi wazee tukampunguzia 19.

Hatusemi kwamba masharti yote ni mabaya. Yako masharti ambayo hakuna anayepaswa kuyalegeza: mtu awe huru kuoa au kuolewa, asiwe mpigaji, asiwe mwongo, akubali uaminifu, akubali watoto na kuwalea. Masharti hayo yanapunguza idadi, na ni vizuri yapunguze. Tunachosema ni kwamba kila mmoja achukue karatasi, aandike masharti yake yote, kisha atenge mafungu mawili: yale yanayoibeba ndoa siku ya njaa na siku ya ugonjwa, na yale yanayoipamba picha ya harusi. Fungu la kwanza alishike kwa nguvu. Fungu la pili aliangalie upya. Tuna hakika kwamba wengi watakuta sharti la urefu, la rangi ya ngozi, la aina ya simu au la jina la ukoo limewafukuza watu wengi kuliko sharti la wema.

Tuje kwenye somo tulilosema tutalirudia, yaani njia tunazopita. Tuseme, kwa mfano tena, kwamba katika kila watu 100 wasio na ndoa unaoweza kufahamiana nao kwa kweli, mmoja anaweza kukufaa nawe ukamfaa. Mmoja kwa mia ni kidogo. Lakini ukifahamiana na watu 10 tu, uwezekano wa kumpata angalau mmoja ni karibu 10 kwa mia. Ukifahamiana na 50, unafika 39 kwa mia. Ukifahamiana na 100, ni 63 kwa mia. Ukifahamiana na 200, ni kama 87 kwa mia. Angalieni mambo mawili. La kwanza, hata mtu akifahamiana na watu 100 hafiki hakika. Anayesema «nimesubiri, basi lazima nipate» haelewi uwezekano, kwa maana uwezekano haudaiwi kama deni. La pili, kutoka watu 10 hadi 100 ni badiliko kubwa, na badiliko hilo halidai muujiza. Linadai mtu atoke kwenye duara lake. Wala hatusemi awe na wachumba 100! Kufahamiana ni kufanya kazi pamoja, kuimba pamoja, kusaidia kwenye msiba, kwenda hija, kujifunza ufundi, kutembelea parokia nyingine. Mtu huonekana alivyo katika kazi za namna hiyo kuliko anavyoonekana kwenye picha zilizochaguliwa za simu.

Kuna kanuni nyingine ambayo vijana wasomi hupenda kuitaja, nayo huitwa kanuni ya 37 kwa mia. Fumbo lake lilijulikana kwa wengi mwaka 1960, Martin Gardner alipolichapisha katika jarida la Scientific American la Marekani. Linasema hivi: watu wanakuja mbele yako mmoja mmoja, unajua idadi yao yote, ukimkataa mmoja harudi tena. Utamchaguaje aliye bora kuliko wote? Jibu la wanahesabu ni kuwaacha wapite 37 wa kwanza katika kila mia, bila kumchagua yeyote, ili ujifunze kupima. Kisha umchukue wa kwanza atakayewapita wote waliotangulia. Hakuna mbinu inayoishinda hiyo katika fumbo hilo. Hata hivyo, wengi wanaoitaja husahau kwamba mbinu hiyo bora humfikia aliye bora kwa uwezekano wa 37 kwa mia tu. Maana yake hukosa mara nyingi kuliko inavyopata.

Wanaoeleza kanuni hii hupenda kumtaja Johannes Kepler, yule mwanahesabu aliyegundua sheria za mwendo wa sayari. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1611, akabaki na watoto. Kwa muda wa miaka miwili hivi aliwafikiria wanawake 11, akiwapima mmoja mmoja, akisikiliza ushauri wa marafiki, akisitasita. Mwaka 1613 alimwoa Susanna Reuttinger, yatima, aliyekuwa wa tano katika orodha ile. Wapenda hesabu hufurahi hapa: 37 kwa mia ya 11 ni karibu 4, kwa hiyo kanuni ingemwambia awapishe wanne na kumchukua anayefuata aliye bora, naye wa tano ndiye aliyemwoa! Lakini Kepler hakuishia kwa wa tano. Alimpita, akaendelea mpaka wa kumi na moja, kisha akamrudia. Kanuni inakataza kurudi. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyeivunja kanuni, kwa kukubali. Na Kepler, bingwa wa hesabu wa zama zake, alipoeleza katika barua kilichomshinda moyo, hakutaja kipimo chochote. Alitaja upendo wake, uaminifu wake wa kinyenyekevu, bidii yake na uangalifu wa nyumba, na jinsi alivyowapenda watoto wasio wake.

Kanuni ya 37 kwa mia, pamoja na uzuri wake, ina jeraha ndani yake. Inawatumia watu wa kwanza kama jiwe la mizani. Wanakaribishwa ili wakataliwe. Mwenye kuchagua amekwisha amua hatawachukua, ila anataka kujifunza kwao. Kwa wino hilo si kosa, maana tarakimu hazina machozi. Kwa kijana wa parokia ni dhambi ya wazi, kwa kuwa binti aliyeletwa nyumbani, akapika, akawaamkia wazazi, akangojea miaka mitatu, kumbe alikuwa kipimo cha anayekuja baadaye, ameibiwa kitu kisichorudishwa. Mtu hafanywi kuwa jaribio la mtu mwingine.

Tena kanuni hiyo inamweka mmoja kwenye kiti cha kuchagua na wengine kwenye mstari. Ndoa haiko hivyo, kwa kuwa anayechagua naye anachaguliwa. Wanahesabu wenyewe walilitambua hilo. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walionyesha kwamba, ikiwa kuna wanaume na wanawake kwa idadi sawa, na kila mmoja amewapanga wa upande wa pili kwa jinsi anavyowapenda, daima kuna njia ya kuwaunganisha hivi kwamba wasiwepo wawili ambao kila mmoja angempenda mwenzake kuliko aliyepewa. Walionyesha pia, katika njia yao, kwamba upande unaokwenda kuuliza hupata matokeo mazuri zaidi kwake kuliko upande unaokaa kungoja. Hatutaki kupindua desturi ya posa kwa sababu ya karatasi ya wanahesabu. Lakini tunawaambia mabinti wetu: kungoja si lazima kuwe kukaa kimya. Kuonyesha kwa heshima kwamba unamthamini mtu, kumwomba shangazi aulize kule, kukataa waziwazi usiyemtaka, hayo yote ni kushiriki katika kuchagua. Nasi wazazi tujue kwamba binti aliyenyimwa sauti amewekwa katika upande usiopata kilicho bora.

Baadhi ya ndugu watatuambia: «Mapenzi si hesabu. Mwachieni Mungu.» Tunawaheshimu, nasi pia tunasali. Lakini mkulima anayesali huhesabu mbegu zake na kutazama mawingu. Akili nayo ni zawadi ya Mungu, na vijana wetu wanaoumizwa na hesabu ya uongo wana haki ya kupewa hesabu ya kweli. Hata hivyo, ndugu hao wana sehemu ya haki, nasi tunaikubali. Kuna mahali ambapo hesabu hufika, ikavua viatu, ikabaki mlangoni. Kanisa linafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili, inayotolewa kwa hiari na kila mmoja, wala hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao. Uwezekano hupima mambo yanayotokea. Ridhaa haitokei, bali hutolewa. Unaweza kukadiria kama utakutana na mtu mwema mwaka huu. Huwezi kukadiria kama utamhudumia akiwa mgonjwa, kwa sababu hilo si tukio la kungojewa, ni ahadi ya kutimizwa. Wale 26 wa London walikuwa watu wanaofaa kwenye karatasi. Mwenzi hapatikani amekwisha kamilika kama nguo dukani. Wawili hufanyana kuwa wenzi, siku kwa siku, kwa kusameheana na kwa kula sahani moja.

Na kwa yule ambaye, baada ya kulegeza masharti na kupanua njia, bado hajapata? Kwake tunasema neno hili bila kigugumizi. Uwezekano wa 87 kwa mia unaacha 13 nje, na hao 13 hawakukosea chochote. Mseja si hesabu iliyoshindikana. Hana laana, hana pepo wa kutolewa kwa fedha, wala si mtu wa nusu anayengojea nusu nyingine. Anayemwuliza kila Jumapili «lini tutakula wali?» anamwongezea mzigo bila kumwongezea uwezekano hata wa mmoja kwa 285,000. Bora amwalike nyumbani kwake, amfahamishe kwa watu, ampe kazi ya heshima katika jumuiya, na anyamaze juu ya yaliyobaki.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vijana, andikeni orodha zenu na kuzipunguza kwa ukweli, na tokeni kwenye duara zenu. Wazazi, kabla ya kuongeza sharti la kabila au la dola, hesabuni ni wangapi mnaowafukuza mlangoni kwa binti yenu. Na mashirika yetu ya walei, badala ya kila parokia kujifungia, yakutanishe vijana wa parokia mbalimbali katika kazi, katika masomo na katika nyimbo, ili wa kwaya wamwone wa machimbo, na wa machimbo wamwone wa kwaya. Na siku mtakaposikia tena kwamba wanawake ni saba kwa mmoja, mwombeni msemaji, kwa upole, aende kwanza akahesabu watoto wa darasa la kwanza.